Kujikwaa na Kuteleza Kwenye Kitalu cha Miche: Maswali na Majibu

Kwenye vitalu vinavyouza miche na maua, kama vile vya kando ya barabara Kampala, nini huangusha wafanyakazi?

Kwanza ni mpira wa maji. Ukiachwa umekatiza njia baada ya kumwagilia, hujikunja na kuinuka kidogo, na mguu hunasa hapo. Ukitundikwa kwenye ndoano kila unapofungwa maji, hatari hiyo inaisha. La pili ni ukoga wa kijani kwenye pevingi zilizo chini ya neti ya kivuli, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua zinapokolea. Kufagia hakuuondoi, usugue kwa brashi ngumu na sabuni, kisha uyatafutie maji njia ya kutokea, la sivyo ukoga utarudi. Vilevile, chungu cha lita 20 chenye udongo uliolowa huzidi kilo 25 na humziba mbebaji asione anapokanyaga. Kipakiwe kwenye toroli. Na ndara hazifai kabisa. Vaeni gambuti zenye meno ambayo hayajalika.

Nimeanguka nikajikinga kwa kiganja. Mkono unauma lakini haujapinda.

Bonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa kifundo. Kikiuma, huenda kimfupa kidogo cha hapo kimevunjika, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Mkono ufungwe usitikisike, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Tafadhali usikubali kukandwa: mfupa huo hupata damu kwa shida, na ukisogezwa unaweza usiunge.

Na kifundo cha mguu?

Usipoweza kupiga hatua 4, nenda ukapigwe picha.

Nimechubuka tu, nipake spiriti niendelee?

Hapana. Udongo wenye samadi hubeba vijidudu vya pepopunda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka mpaka mchanga wote utoke. Kama chanjo yako ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, au huikumbuki, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwajiri anasema nilizembea, hanilipi.

Uzembe wako haumwondolei wajibu. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda inamdai alipe ikiwa jeraha la kazini limekuzuia kupata mshahara kamili kwa angalau siku 3 mfululizo, au limekuachia ulemavu wa kudumu. Mpe taarifa mapema, tunza karatasi za hospitali, na akikataa nenda kwa afisa kazi wa wilaya.