Kukopi mafaili kwenda Disk D si kuyawekea nakala

Toka Ligula, Mtwara mjini, hadi Masasi, mtu anayetunza hesabu za korosho kwenye kompyuta ya nyumbani atakwambia: "Mafaili yangu yako salama, nimeyakopi Disk D." Hapana. Kwenye kompyuta nyingi, hasa laptopu, Disk C (inamokaa Windows) na D ni vyumba viwili vya diski moja. Diski ikifa, vyote vinaondoka. Mwizi naye habebi C akakuachia D. D husaidia pale Windows inapopigwa upya, basi. Nakala ya kweli hukaa kwenye kifaa kingine: diski ya nje, nayo ichomolewe ukimaliza, maana kirusi kinachofunga mafaili hufuata chochote kilichochomekwa. Flashi? Ya kubebea, si ya kutunzia. Nakala nyingine mwachie ndugu aliyeko Lindi, au ipandishe Google Drive kama bando linaruhusu.