Si kila mtaro ni wa kaunti

Kila masika ikianza na maji yakijaa barabarani hapa Mombasa, utaskia lawama zote ni za kanjo, yaani kaunti. Kuna ukweli, lakini si wote. Barabara zina wenyewe: zile kuu kama ya Malindi, ya Nairobi kupitia Changamwe na ya Likoni kwenda Lunga Lunga ziko chini ya KeNHA, shirika la serikali kuu la barabara kuu, lililoundwa na sheria ya 2007, na mtaro wa kando ni sehemu ya barabara, hauhesabiwi kivyake. Zingine za mjini ziko kwa KURA, shirika la serikali kuu la barabara za mijini.

Sasa kaunti nayo isijifiche hapo, maana Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kazi ya maji ya mvua ndani ya mji, na takataka pia, na hizo chupa za plastiki ndo zinaziba mitaro mingi tu. Kizungumkuti kiko pale mtaro wa mtaani unapomwaga maji kwenye mtaro wa haiwei, hii ofisi yasema ni ya ile, ile yasema ni ya hii, na maji yaingia dukani kwa mtu. Kwa hivyo ukilalamika taja jina la barabara, piga picha pale maji yanapokwama, peleka nakala kaunti na nyingine KeNHA.