Mwani "uliopimwa kwa panya": maswali ya mnunuzi wa Mwanza

Unga na dondoo za mwani kutoka Zanzibar na Tanga zikifika Mwanza, muuzaji hakosi kusema zimepimwa maabara. Tuanzie hapo.

Imepimwa maabara. Si inatosha?

Haitoshi. Muulize: ni mwani gani, umekamuliwa kwa maji au kwa pombe, dozi kiasi gani, kwa muda gani? Dondoo la pombe hubeba vitu ambavyo maji hayavitoi. Panya wakilimudu moja, hilo haliwi cheti cha lingine.

Panya wenyewe wanafanyiwa nini?

Kwanza kipimo cha muda mfupi. Panya ananyimwa chakula kwa saa kadhaa, kisha dondoo linapelekwa moja kwa moja tumboni kwa sindano yenye ncha butu inayopitishwa mdomoni, hadi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake. Halafu anaangaliwa siku 14: anakula? Manyoya yamesimama? Anaharisha? Anatetemeka?

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha siku 90. Panya wanagawanywa makundi, dume na jike; makundi matatu yanapata dozi tofauti kila siku, la nne halipati dondoo kabisa. Mwishoni damu inapimwa kuona hali ya ini na figo, wanyama wanauawa kwa dawa ya usingizi, viungo vinapimwa uzito, na vipande vyembamba vya ini, figo na utumbo vinatiwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Panya anaweza kuonekana mzima kabisa huku ini lake limeanza kuharibika, ndiyo maana siku 14 peke yake hazinishawishi.

Namba ya panya inanihusu vipi mimi?

Inatafutwa dozi ya juu kabisa ambayo haikuleta madhara, kisha kwa kawaida inagawanywa kwa 100: mara 10 kwa sababu mtu si panya, mara 10 tena kwa sababu watu hatufanani. Tuseme dozi hiyo ni miligramu 1,000 kwa kilo kwa siku. Ukigawanya unabaki na 10. Mwenye kilo 60 anaruhusiwa miligramu 600, yaani zaidi kidogo ya nusu gramu. Kijiko cha chai kilichojaa unga wa dondoo kinaipita kwa mbali.

Ule utando wa kijani ziwani nao ni mwani? Unalika?

Usithubutu. Ule unaojikusanya ufukweni maji yakitulia ni bakteria wa kijani-bluu, na baadhi yao hutoa sumu ya ini iitwayo maikrosistini. Kuchemsha hakuiondoi. Hapo ndipo panya walipotufaa kweli: panya wadogo wa maabara walipewa sumu hiyo kwa majuma 13, na mikrogramu 40 kwa kilo kwa siku hazikuwadhuru. Wataalamu wakagawanya kwa 1,000, maana taarifa zilikuwa chache, na Shirika la Afya Duniani likafikia kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa.

Lazima wanyama wafe?

Kwa sasa hawajaepukika kabisa, ila wamepungua. Mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch walipendekeza kutumia mbadala, wanyama wachache na maumivu kidogo. Kile kipimo cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama kilifutwa kwenye miongozo ya vipimo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, mwaka 2002.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mjamzito, na anayetumia dawa za tezi. Sababu ni madini joto yaliyomo kwenye mwani. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Mwani wa kahawia unaoagizwa nje unaweza kuzipita mara nyingi kwa gramu chache tu. Mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar kwa kawaida una kiasi kidogo zaidi. Ila mwani hunyonya pia metali za maji ulikokulia, na jaribio la panya wa mwaka jana halisemi lolote kuhusu mzigo uliovunwa juzi. Kwa hiyo muulize muuzaji pia cheti cha vipimo vya mzigo huo huo, na kama bidhaa imesajiliwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Akibabaika, acha kopo lake mezani.