Je, wajua kwa nini joto halilazi mchoro uliobonyezwa kwenye kadi?

Katika kadi za mialiko zinazotengenezwa kwa mkono jijini Dar es Salaam, ziwe za harusi au za mchango, uso wa karatasi unaweza kunyanyuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza haihitaji wino wala moto: manila hubanwa kati ya vibao viwili, kimoja chenye mchoro uliotokeza na kingine chenye mchoro huohuo uliozama, mpaka karatasi yenyewe ilifuate umbo hilo. Ya pili huongeza kitu juu ya karatasi: mhuri hupigwa kwa wino unaokawia kukauka, unga laini wa plastiki hunyunyizwa juu ya alama, unaozidi hukung'utwa, kisha hewa ya moto huuyeyusha uliobaki ukawa utando mgumu unaong'aa.

Wengi wanaotaka kuunganisha njia hizi hudhani kwamba lazima waanze na ya moto, kwa hofu kwamba joto litaulaza mchoro uliobonyezwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kila mtu ameona pasi ikiondoa mikunjo ya nguo. Lakini pasi hutegemea mambo matatu yanayokwenda pamoja, yaani joto, unyevu na uzito. Unyevu hulegeza viungo vya haidrojeni, yaani mivutano midogo inayoshikanisha selulosi, dutu inayojenga nyuzi za pamba; joto huzidisha kulegea huko, na uzito hulaza nyuzi kabla hazijakauka na kujifunga upya katika mkao mwingine. Karatasi nayo ni selulosi, na kanuni ni ileile. Ila kifaa cha hewa ya moto huleta joto tupu, wala hakuna kinachoisukuma karatasi irudi chini. Tena selulosi kavu hailainiki mpaka joto lipite nyuzi 200 za Selsiasi, na unga huwa umeyeyuka kabla karatasi haijafika huko. Haina maana kwamba kadi haiathiriki kabisa: ikipoteza unyevu wake husinyaa na kujikunja kidogo, na mchoro wenye kina kifupi kwenye karatasi nyembamba unaweza kupungua makali.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, yaani kuanza na moto kisha kubonyeza. Utando uliokwisha kupoa ukibanwa katikati ya vibao hulazimishwa kupinda pamoja na karatasi, na mara nyingi hupata nyufa au hubapa, ingawa baadhi ya aina za unga huvumilia. Mchoro uliobonyezwa na maandishi ya mhuri visipokutana mahali pamoja, utaratibu wowote unafaa.

Jambo la kupendeza kweli ni kile kinachopatikana kwa kubonyeza kwanza. Pedi ya wino ikipitishwa kwa wepesi juu ya mchoro hugusa sehemu zilizotokeza tu, kwa hiyo unga hushika hapo na kuacha zilizozama zikiwa karatasi tupu. Mchoro mzima huonekana umechorwa kwa dhahabu bila mkono wa mtu kuufuatisha. Sifa hiyohiyo huharibu maandishi, kwa sababu mhuri wenye majina ya maharusi utaacha herufi zilizokatika, na ndiyo maana sehemu ya majina huachwa bila kubonyezwa.

Linalotaka uangalifu zaidi, hasa katika mji wa pwani na majira ya masika, ni unyevu. Manila ngumu hunyunyiziwa maji kidogo isipasuke inapobonyezwa, lakini unga hunata popote palipo na unyevu na kuacha vidoadoa vinavyoyeyuka pamoja na maandishi. Kifuko cha kitambaa chenye poda ya talki, kikipitishwa juu ya kadi kabla ya kupiga mhuri, hupunguza tatizo hilo, ila hakitoshi kwa karatasi iliyolowa. Kadi iachwe wazi ikauke yenyewe bila kitabu juu yake, kwa kuwa hapo unyevu na uzito vikikutana, mchoro utalala hata bila joto.