Kuzuia Wazee Kuanguka Makaoni: Nguvu za Miguu Kwanza, Mashine ya Mtetemo Baadaye

Mzee anayeishi katika makao ya wazee huanguka mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa rika lake anayeishi nyumbani, kwa kuwa wengi hupokelewa makaoni wakiwa tayari wamedhoofika, hawaoni vizuri, au wanatumia dawa za aina kadhaa kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaofariki kwa wingi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Hata hivyo, bado tunawasikia ndugu na hata wahudumu wakisema kwamba kuanguka ni uzee tu. Kauli hiyo si sahihi, nayo inawanyima wazee kinga iliyo ndani ya uwezo wetu.

Kinachomwokoa mtu aliyejikwaa ni hatua ya haraka ya kujizuia, na hatua hiyo inahitaji misuli ya mapaja, nyonga na vifundo vya miguu iliyo tayari kufanya kazi. Misuli hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini hupungua kwa kasi zaidi kwa mzee anayeketi kutwa nzima. Aliyewahi kuanguka huogopa kutembea, na kadiri anavyojizuia kutembea ndivyo miguu inavyozidi kuishiwa nguvu, hata akaanguka tena akiwa njiani kwenda msalani.

Mazoezi yanaweza kuukata mzunguko huo. Katika utafiti uliofanyika Australia na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, wazee 221 wa makao 16 walifuatiliwa. Waliofanya mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kusimama, jumla ya saa 50 katika wiki 25, kisha wakaendelea na mazoezi mepesi kwa miezi sita, walianguka kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko wenzao. Siri yake ni kwamba mazoezi yaliongezwa ugumu hatua kwa hatua. Kumketisha mzee kitini na kumwambia apunge mikono kunachangamsha, na sina ubaya na hilo, ila hakumwandai kwa kujikwaa. Anapaswa kuinuka kitini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono kila anapoweza, kuinua visigino akiwa ameshika ukingo imara, kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, na kutembea kiupande huku mhudumu akiwa karibu. Uzito wa kufunga miguuni unaweza kushonwa kwa kitambaa na kujazwa mchanga.

Siku hizi tunaulizwa sana kuhusu mashine za mtetemo. Mzee husimama juu ya bamba linalotetemeka, kwa kawaida kati ya mara 12 na 45 kwa sekunde, na misuli hujikaza yenyewe kuitikia mtetemo huo. Utafiti mdogo wa Ubelgiji wa mwaka 2005, uliohusisha wazee 42 wa makaoni, ulionyesha kuwa wiki sita za mtetemo pamoja na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ziliboresha mwendo na uwezo wa kusimama. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Hispania kwa wazee 159, na kuchapishwa mwaka 2015, haukuona faida ya ziada pale mtetemo ulipoongezwa juu ya mazoezi yaleyale. Kwa maoni yangu, makao yenye bajeti ndogo yasiinunue mashine hiyo kabla ya kuwa na mtu aliyefundishwa kusimamia mazoezi. Aidha, haimfai mzee mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, aliyevunjika mfupa karibuni, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu, wala mwenye mawe kwenye figo.

Kanda ya Kati ya Tanzania ina jambo lake la pekee. Hombolo mkoani Dodoma na Sukamahela wilayani Manyoni ni maeneo yenye historia ya kuwatunza watu waliougua ukoma, na miguu ya baadhi yao imebaki na ganzi. Mtu asiyehisi ardhi anayoikanyaga huanguka kirahisi, na anaweza kupata kidonda bila kujua. Nyayo zake zikaguliwe kabla na baada ya kila zoezi, avae viatu vinavyofunga kisigino badala ya malapa, na asipandishwe kwenye bamba la mtetemo.

Kujua nani aanze, kipimo rahisi kinatosha: mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini. Apimwe pia shinikizo la damu akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari azipitie dawa zake kabla mazoezi ya kusimama hayajaanza.