Damu ya Shira: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Zombi za Pesa Chache

Filamu ndogo ya zombi, yaani ya wafu wanaotembea, ikipigwa hapa kwetu Mombasa, watu huwa wameshaihukumu kabla haijaonyeshwa. Wako wanaosema itakuwa takataka kwa sababu hatuna pesa. Wako wanaosema itakuwa nzuri kwa sababu ni yetu. Mimi hushika maiki. Nimesimama usiku mwingi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale nikisikiliza kwa vipokea sauti masikioni, kisha nikakaa nyuma ya watazamaji siku ya maonyesho nikiangalia wanapotikisika na wanapotoa simu zao. Nazipenda filamu hizi kwa dhati, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

"Kamera ndiyo inayoziangusha"

Kamera imekuwa kisingizio chetu kwa muda mrefu. 28 Days Later, filamu ya Uingereza iliyotoka 2002, haikuwa ya kimaskini, iligharimu mamilioni. Lakini sehemu yake kubwa ilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali za Canon XL1, ambazo picha yake ni hafifu kuliko ya simu walizo nazo mfukoni vijana wa Majengo leo. Uhafifu ule uliifaa. Jiji la London likiwa tupu alfajiri lilionekana kama kitu alichokinasa mtu kwa haraka kabla ya kukimbia. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga. Asichosamehe ni kutosikia.

Mwaka juzi tulipiga onyesho moja kwenye baraza ya nyumba ya zamani, Kibokoni, msimu wa kusi. Mke amemfungia mumewe ndani, mume ameshageuka zombi, na mke anamnong'oneza kupitia mlango wa mbao: "Baba watoto, wanisikia? Nijibu basi." Kwa macho yangu sijaona uigizaji bora kuliko ule. Lakini upepo ulikuwa ukiingia moja kwa moja kwenye maiki, tuktuk zikipita nyuma yetu, na pesa zote za siku hiyo zilikuwa zimekwenda kukodi lenzi. Siku ya maonyesho, mke alipoinamia mlango, mzee mmoja wa safu ya nyuma aliuliza, "Amesema nini?" Mwenzake akamjibu, "Sijasikia." Hofu iliyokuwa imejaa ukumbini iliondoka pale pale na haikurudi tena.

Dawa yake isingegharimu kitu. Simu ya pili ingefichwa ndani ya leso ya yule dada, karibu na kifua, ikirekodi. Mtu angepiga makofi mara moja mbele ya kamera ili sauti na picha zioane baadaye. Watu wote wangenyamaza nusu dakika baada ya onyesho, ili mhariri apate kimya cha mahali pale cha kuzibia mapengo. Haya niliyajua, na sikusimama kidete kuyadai. Tangu siku hiyo nayadai.

Tena sauti ndiyo tajiri wa maskini. Mazombi hamsini huwezi kuwalisha wala kuwasafirisha kutoka Kisauni. Lakini kucha zinazokwaruza mabati upande wa pili wa ukuta, zikiongezeka moja moja, ni kazi ya mtu mmoja na kipande cha bati, na mtazamaji atawahesabu wale hamsini mwenyewe.

"Damu ikiwa nyingi, hofu huwa nyingi"

Night of the Living Dead, filamu ya zombi ya mwelekezi Mmarekani George Romero, 1968, ilitengenezwa kwa yapata dola 114,000, fedha ndogo hata kwa wakati ule. Damu yake ilikuwa rojo la chokoleti. Kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe, hakuna aliyejua. Hapo umaskini na uamuzi vilikwenda pamoja: picha isiyo na rangi ilificha uongo wa damu na ikaifanya hadithi ifanane na taarifa ya habari.

Sisi twatumia shira. Sukari na maji vinachemshwa mpaka vinate vidoleni, kama vile vya kaimati, kisha rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo cha kakao ili isiwe ya waridi. Ni damu nzuri, lakini joto la pwani huikausha upesi ikang'aa kama peremende, na wadudu huipenda. Kijana mmoja aliyelala akiwa maiti uani alipandwa na sisimizi kabla ya dakika kumi. Mwelekezi aliwaona na hakusimamisha kamera. Sisimizi mmoja akapita juu ya kope, na kijana hakupepesa. Hiyo ndiyo picha ambayo watu huniuliza hadi leo ilifanywaje.

Katika filamu hiyo hiyo, dakika kumi za mwisho tulimwaga sufuria mbili nzima. Kuta nyekundu, kanzu nyekundu, mikono nyekundu. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza juu ya dakika hizo. Tone la kwanza kwenye shuka jeupe lina nguvu. La mia ni rangi tu.

"Zombi anaweza kuigizwa na yeyote"

Hapa ndipo tunapoaibika zaidi. Tunawaita marafiki, tunawapaka unga usoni, tunawaambia watembee. Mmoja anaburuta mguu, mwingine ananyoosha mikono mbele, wa tatu anakimbia kwa sababu ameona wakikimbia kwenye filamu nyingine. Bi mkubwa mmoja aliyetukaribisha uani kwake alitutazama tangu magharibi mpaka isha bila kusema neno, kisha akaniita kando: "Mwanangu, hawa wafu wenu mbona kila mmoja yuwatembea na maradhi yake?"

Alikuwa ameona tusichokiona sote. Wafu wetu hawakuwa na sheria. Watu hudhani sheria hiyo ipo tayari, kwamba zombi hula ubongo na hufa akipigwa kichwani, basi. Ukweli ni kwamba wale wa 1968 walikula nyama ya mwili, na neno "zombi" halitamkwi hata mara moja katika filamu ile. Hamu ya ubongo ilikuja na The Return of the Living Dead, 1985. Kila filamu hujiwekea kanuni zake. Anasikia au anaona? Huchoka? Hukumbuka kwao? Swali hilo la mwisho lingetutosha sisi filamu nzima. Mfu anayerudi kila alfajiri kukaa kwenye baraza yake aliyoizoea hahitaji vipodozi vya gharama.

"Wenzetu walitengeneza kwa pauni 45"

Mfano huu hutajwa kila mahali. Colin, filamu ya Mwingereza Marc Price iliyotoka 2008, inasimuliwa kwa upande wa zombi mwenyewe, na mwelekezi alisema ilimgharimu pauni 45. Mwaka 2009 ilifika Cannes, Ufaransa, kwenye tamasha kubwa la filamu. Vijana wakisikia hivyo hudhani filamu yaweza kuwa ya bure. Lakini kamera alikuwa nayo, wasanii wa vipodozi walikuja na vifaa vyao, waigizaji walijitolea, na kazi ilichukua mwaka mmoja na nusu. Gharama ilikuwepo, ililipwa kwa muda na kwa jasho la watu.

Ndivyo ilivyo hapa pia. Kila ninapoona jina la filamu "iliyotengenezwa bila shilingi", nawaza ni nani aliyepika chai na viazi karai vya watu kumi na wanane usiku wa manane, na kama jina lake liko mwishoni. Mara nyingi halipo. Hili linaniudhi kuliko makosa yote ya taa.

Kuna udhaifu mwingine unaotokana na dhana hiyo. Kwa kuwa muda wetu hatuuhesabu kama pesa, tunaurefusha. Hadithi ya dakika 25 inavutwa hadi dakika 90 ili iitwe filamu kamili, na katikati yake watu wanakaa chumbani wakigombana juu ya jambo ambalo mtazamaji alilielewa zamani. Kufungiwa nyumba moja ni nguvu kubwa ya filamu hizi. Hapahitaji magari wala umati, kila dirisha ni hatari. Lakini ugomvi wa ndani lazima ubadilishe kitu: mtu ahame upande, siri itoke, maji yaishe. La sivyo ni watu wanaosubiri zombi aje awaokoe na mazungumzo yao. Mhariri hawezi kutibu hilo.

"Bila nyota hakuna atakayetazama"

Kutojulikana ni mtaji. Ukimwona mwigizaji maarufu, unajua atafika mwisho. Duane Jones hakuwa nyota alipopewa nafasi ya shujaa katika filamu ya Romero, mtu mweusi akiwaongoza weupe katika Marekani ya 1968, na hakuna aliyeweza kukisia hatima yake. Sisi tunao watu wa namna hiyo kila mtaa. Muuza mahamri anayejulikana na Makadara nzima, akifa dakika ya kumi na mbili, ukumbi hupiga ukelele wa kweli.

"Kibali ni cha makampuni makubwa"

Hapana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inataka leseni kwa filamu ya kuonyeshwa umma, iwe ndogo iwe kubwa, na Bodi ya Kuainisha Filamu ndiyo inayoamua ni ya umri gani. Mbali na sheria, ukimpeleka mtu aliyepakwa damu karibu na feri ya Likoni bila kumwarifu yeyote, utaleta mkanyagano.

"Zombi ni mambo ya Wazungu"

Neno lenyewe, wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo, ndugu za Kiswahili. Zombi wa Haiti, huko alikotokea kabla ya Hollywood, hali nyama ya mtu. Ni maiti aliyeinuliwa kwa uchawi akanyang'anywa nia yake ili alime shamba la mwingine. Waliolisimulia jambo hilo walikuwa wazao wa Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa, na hofu yao kubwa ilikuwa kwamba hata kifo hakitawapumzisha na kazi. Mtu wa pwani akisikia hivyo hahitaji kufafanuliwa. Atakwambia huyo ni ndondocha. Jirani zetu Tanzania watasema msukule.

White Zombie, 1932, filamu ndefu ya kwanza ya zombi, ilikuwa nayo ya watengenezaji huru na ya fedha chache. Onyesho lake ninalolirudia ni la kinu cha sukari. Wafu wanasukuma gurudumu kimya, kinachosikika ni mlio wa kinu tu. Mmoja anaanguka ndani, na wenzake wanaendelea kusukuma. Hakuna damu. Kuna sauti ya mbao zikilia.

Na sisi tunayo Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa miaka ya 1870 ng'ambo ya kisiwa. Palikuwa na kengele ya kuwaonya watu wavamizi wanapokaribia, na ndiyo maana njia panda ile yaitwa Kengeleni hadi leo. Maelfu ya watu hupita pale kila siku. Filamu yetu ya zombi, ile ambayo haitakuwa na hata uso mmoja wa kuazima, kwangu imeanzia pale. Waliopotea wanarudi, wametumikishwa hadi baada ya kufa, na wenye kusikia kengele hawajui wafunge milango au waifungue.

Mswada haujaisha. Lakini mwezi uliopita nilifika Kengeleni saa kumi na moja alfajiri na kinasa sauti, nikasimama karibu na mnara. Nilipata dakika nne safi: upepo, kunguru, adhana ya mbali, hatua za mtu mmoja aliyepita bila kuniangalia. Kisha matatu ya kwanza ikasimama na makanga akaanza kuita abiria.