Seva ya kanzidata ikiingiwa na virusi, msikimbilie kufomati

Msimu wa wageni ukikaribia, kampuni za utalii za Arusha na SACCOS za Moshi hutupigia simu na maneno yaleyale: "Seva ilipata virusi, fundi ameshaifomati." Hapo ushahidi umeshakwenda. Hatutajua virusi viliingilia wapi, wala kama nakala za pasipoti za wageni zilichukuliwa.

Chomoa waya wa mtandao, lakini mashine iache ikiwaka, kwani baadhi ya nyayo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea umeme ukikatika. Diski inakiliwe nzima kabla ya mtu yeyote kugusa kitu.

Antivairasi kusema "safi" hakutoshi, tumelirudia hili mara nyingi. Hukagua mafaili, haikuambii kwamba ndani ya kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa, kuna mtumiaji mgeni mwenye mamlaka ya msimamizi, au kazi iliyopangwa kujiendesha usiku wa manane. Ndiyo maana, diski ikishanakiliwa, mfumo endeshi husimikwa upya, data zikarejeshwa kutoka bakapu (nakala ya akiba) ya kabla ya maambukizi, iliyojaribiwa kwanza kwenye mashine iliyotengwa, na nywila zote zikabadilishwa. Kwenye SQL Server, programu ya kuendesha kanzidata, amri ya DBCC CHECKDB huonyesha palipoharibika. Chaguo la REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS liwe la mwisho kabisa: hurekebisha kwa kutupa kurasa (vipande vya data) zilizoharibika, na huenda humo ndimo yalimo marejesho ya mkopo wa mwanachama.

Na hadidiski inayoshinda imechomekwa kwenye seva ileile tusiiite bakapu. Virusi vya kudai fedha huifunga pamoja na seva.

Kuhusu taratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa usalama wa taarifa unapovunjwa. Anayefuta, kuharibu au kubadili taarifa binafsi kinyume cha sheria hiyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote kwa pamoja. Aliyevamia anashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo ripoti polisi pia. Kuripoti si kujishtaki.

Wengine hutujibu, "Sisi wadogo, nani atatutafuta?" Hakuna anayekutafuta wewe. Programu za virusi hivi hupekua zenyewe poti, yaani milango ya mtandao: 1433 ya SQL Server na 3306 ya MySQL dunia nzima, mchana na usiku. Mwulize fundi wako leo kama poti za kwenu ziko wazi kwenye intaneti.